Ununuzi wa Pamoja Serikalini: Fedha Inayookolewa na Isiyookolewa

Mwezi Oktoba 2010, mfanyabiashara wa maduka ya nguo nchini Uingereza, Philip Green, aliikabidhi serikali ya David Cameron ripoti fupi kuhusu namna wizara zinavyotumia fedha. Kilichokumbukwa zaidi katika ripoti hiyo kilihusu vitu vya stoo. Boksi la karatasi za kuchapia lilikuwa likinunuliwa kwa pauni 8 na ofisi moja na kwa pauni 73 na ofisi nyingine. Katriji ya wino wa printa ilianzia pauni 86 ikapanda hadi 398. Kompyuta mpakato zilitofautiana kutoka pauni 353 hadi 2,000. Serikali ni moja na mlipakodi ni yule yule, lakini kila idara ilikuwa ikiingia sokoni kana kwamba ni mara yake ya kwanza kununua karatasi. Pendekezo la Green halikuwa geni: vitu vya kawaida vinunuliwe na chombo kimoja kwa niaba ya serikali nzima. Mwaka 2014 Uingereza ikaanzisha Crown Commercial Service kwa kazi hiyo.

Hoja ya ununuzi wa pamoja ina mvuto kwa sababu kila mtu anaijua tofauti ya jumla na rejareja. Anayenunua katoni moja hawezi kupewa bei ya anayenunua kontena, na kidole kimoja hakivunji chawa. Fedha inayozungumzwa pia si ndogo, kwani katika nchi wanachama wa OECD, jumuiya ya kiuchumi ya nchi ambazo nyingi zimeendelea, ununuzi wa umma hula takriban asilimia 12 ya pato la taifa, kiasi kwamba hata punguzo dogo la bei likienea kote linaweza kugharimia huduma nzima. Mimi naiunga mkono hoja hii, ila kwa nusu. Ushahidi uliopo unaonyesha kwamba kununua kwa pamoja huokoa fedha, lakini sehemu kubwa ya uokoaji huo haitokani na wingi wa oda, na chombo kinachojengwa kwa kuamini nguvu ya wingi peke yake huishia kuwa dalali wa serikali anayekula kamisheni bila kushusha bei.

Kabla ya kufika huko, kuna tahadhari moja kuhusu takwimu zinazotumika kutuchoma moyo. Katika miaka ya 1980 Wamarekani walikasirishwa na habari kwamba jeshi lao la majini lilikuwa limelipa dola 435 kwa nyundo moja ya kawaida. Nyundo hiyo imekuwa kielelezo cha ubadhirifu hadi leo. Hata hivyo ilikuwa sehemu ya mkataba wenye vifaa vingi, na mkandarasi alikuwa amegawa gharama zake za jumla, yaani za uhandisi na usimamizi, kwa kiasi sawa kwa kila kifaa kilichomo, kiwe mtambo wa thamani kubwa au nyundo. Kwa hesabu hiyo nyundo ilibebeshwa mzigo usio wake na mtambo ukaonekana nafuu kuliko ulivyokuwa. Jumla iliyolipwa haikubadilika hata kwa dola moja kutokana na mgawanyo huo. Sisemi kwamba mkataba ule ulikuwa safi. Ninachosema ni kwamba bei ya kitu kimoja kilichonyofolewa kutoka kwenye mkataba haitoshi kutuambia kama fedha imepotea. Boksi la pauni 73 nalo laweza kuwa na karatasi za aina tofauti, au za kufikishwa siku hiyo hiyo mahali pa mbali. Anayetaka kujua ukweli hana budi kulinganisha vitu vinavyofanana kabisa, vilivyonunuliwa kwa masharti yanayofanana.

Kazi hiyo ilifanywa kwa makini na wachumi watatu, Oriana Bandiera, Andrea Prat na Tommaso Valletti, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2009. Walichukua taasisi za umma za Italia na kufuatilia bei zilizolipa kwa bidhaa za kawaida kati ya mwaka 2000 na 2005, huku wakizingatia sifa ndogo ndogo za kila bidhaa ili karatasi ilinganishwe na karatasi ya aina ile ile na kompyuta na kompyuta yenye uwezo ule ule. Walikuta kwamba baadhi ya taasisi hulipa ghali kuliko nyingine mwaka hadi mwaka, na si kwa kitu kimoja tu. Kama taasisi zote zingelipa bei za zile zenye nidhamu zaidi, yaani zile za asilimia kumi zinazolipa bei ya chini kabisa, matumizi kwa bidhaa hizo yangepungua kwa asilimia 21. Walikuta pia jambo ambalo watetezi wa kurundika kila kitu makao makuu hawapendi kulitaja: wizara na idara za serikali kuu ndizo zilizokuwa zikilipa ghali, kwa angalau asilimia 22 zaidi ya vyombo vyenye uhuru wa kiasi fulani, kama serikali za mitaa, vyuo vikuu na taasisi za afya.

Swali lililofuata ndilo lenye uzito: fedha hiyo inakwenda wapi? Watafiti hao walitenganisha upotevu wa aina mbili, ambao kwa lugha yetu naweza kuuita upotevu wenye mlaji na upotevu usio na mlaji. Katika ule wa kwanza, afisa analipa ghali kwa sababu kuna cha juu kinachorudi mfukoni mwake, au mwa rafiki, au mwa chama. Katika ule wa pili hakuna anayenufaika kwa kuamua hivyo. Afisa hajui bei, hana muda wa kuitafuta, hajali, au amefungwa mikono na taratibu. Kwa macho ya mlipakodi ni hasara ile ile. Kwa mtu anayetaka kuiondoa, ni magonjwa mawili yenye dawa tofauti.

Njia waliyotumia kuyatenganisha ni ya werevu, na ndiyo inayotufikisha kwenye ununuzi wa pamoja. Italia ilikuwa na kampuni ya serikali iitwayo Consip, ambayo kwa sheria ya fedha iliyopitishwa mwishoni mwa mwaka 1999 ilipewa kazi ya kuingia mikataba ya bei na wazabuni, kisha taasisi yoyote ya umma ingeweza kuagiza kwa bei hiyo. Mikataba hiyo haikuwa wazi wakati wote; ulikuwapo msimu wenye mkataba na msimu usio nao. Sasa fikiria maafisa wawili wanaolipa ghali kwa kiasi kile kile. Yule anayekula cha juu ataukwepa mkataba wa Consip, kwa kuwa bei yake inajulikana na haina nafasi ya kuchomeka chochote. Yule anayelipa ghali kwa uzito wa taratibu au kwa kutojua ataukimbilia, maana unampunguzia kazi na lawama kwa pamoja. Ilipohesabiwa, waliokuwa wakilipa ghali ndio walioelekea zaidi kununua kupitia Consip mkataba ulipofunguliwa. Makadirio ya mwisho yalikuwa kwamba asilimia 83 ya upotevu wote ulikuwa ule usio na mlaji.

Namba hiyo ni ya Italia na ya bidhaa za kawaida, na mtu asiibebe kama msahafu. Penye mikataba ya barabara, mabwawa na silaha, ambako hakuna bei ya kulinganisha, sitashangaa mlaji akiwa na sehemu kubwa zaidi. Lakini inatuambia kwa nini vita dhidi ya ubadhirifu vinavyoanza na kukamata watu na kuishia na kukamata watu huacha bei palepale zilipokuwa. Tumezoea kusema kwamba mali ya umma imegeuzwa shamba la bibi, na usemi huo unatufanya tumtafute mvunaji. Mara nyingi hakuna mvunaji; shamba limeachwa bila kupaliliwa.

Yeyote aliyewahi kukaa karibu na kitengo cha ugavi anajua hali hiyo inavyozaliwa. Afisa anataka rimu za karatasi. Utaratibu unamtaka apate nukuu tatu za bei. Anapiga simu kwa msambazaji aliyemzoea, naye analeta nukuu yake pamoja na nyingine mbili za kampuni za jamaa zake, zote zikiwa kwenye bahasha moja, mwandiko ukifanana, ile ya kwanza ikiwa chini kidogo ya wenzake. Faili limekamilika, sahihi zimewekwa, mhuri umegongwa. Ng'ambo ya barabara karatasi ile ile inauzwa kwa bei ndogo zaidi, na afisa anaiona kila anapotoka kwenda nyumbani, lakini duka lile halitoi bidhaa kwa mkopo na halina muda wa kujaza fomu za usajili wa wazabuni. Akinunua pale kwa bei nafuu bila nukuu tatu, mwaka ujao atajibu hoja ya ukaguzi. Akinunua ghali kwa faili lililotimia, hatajibu chochote. Mkaguzi anauliza kama karatasi zipo. Ni nadra kuuliza siku ile sokoni bei ilikuwa ngapi. Afisa huyu hajala hata senti, na kwa jinsi mfumo ulivyopangwa, hajafanya kosa.

Kuna na suala la malipo, ambalo naliona kama mzizi unaosahaulika kuliko yote. Msambazaji anayejua kwamba ankara yake italala mezani kwa miezi minane huingiza miezi hiyo minane ndani ya bei. Amekopa benki ili kuleta bidhaa, riba inatembea, na huenda atalazimika kusafiri mara nne kufuatilia hundi. Wale wasio na mtaji wa kusubiri hujitoa, ushindani unapungua, na wanaobaki hupandisha bei kwa sababu mbili badala ya moja. Umoja wa Ulaya uliliona hilo na kutoa mwongozo mwaka 2011 unaozitaka taasisi za umma zilipe kwa kawaida ndani ya siku 30. Bei inayoitwa ya serikali, ambayo kila mtu anajua iko juu ya bei ya mtaani, kwa sehemu kubwa ni riba iliyofichwa. Ofisi kuu ya ununuzi haiwezi kuifuta riba hiyo kwa kujadiliana tu, kwa sababu mwenye kulipa anabaki kuwa hospitali au idara ile ile inayochelewa.

Chanjo ni mfano mzuri wa palipofanikiwa, kwa sababu kule suala la malipo lilishughulikiwa pamoja na la bei. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, nchi za Amerika ya Kusini na Karibiani zimekuwa na mfuko wa pamoja wa kununulia chanjo chini ya Shirika la Afya la nchi za Amerika. Mfuko hukusanya mahitaji ya nchi wanachama, hutangaza zabuni, na humlipa mtengenezaji kutoka kwenye mtaji wake wenyewe, kisha nchi iliyopokea chanjo hurejesha fedha ndani ya siku 60. Mtengenezaji anamwona mteja mkubwa, lakini pia anamwona mteja anayelipa, na nina hakika kwamba hilo la pili lina sehemu kubwa katika punguzo analolitoa. Jimbo la Tamil Nadu nchini India nalo lilianzisha shirika lake la ununuzi wa dawa katikati ya miaka ya 1990, likanunua dawa kwa majina yake ya kitaalamu badala ya majina ya kibiashara, likapima ubora katika maabara, na likawa mfano unaoigwa na majimbo mengine. Dawa zinafaa kwa mtindo huu kwa sababu vidonge vya aina moja na kipimo kimoja havitofautiani kutoka wilaya hadi wilaya.

Hata kwenye dawa kuna kikomo. Utafiti wa Pierre Dubois, Yassine Lefouili na Stéphane Straub, uliotumia takwimu za nchi saba za kipato cha chini na cha kati kwa molekuli 40 muhimu, yaani viambato vinavyotibu ndani ya dawa, ulithibitisha kwamba ununuzi wa umma wa pamoja hushusha bei, lakini ukaonyesha kwamba punguzo huwa dogo pale watengenezaji wanapokuwa wachache. Hilo linaeleweka: mnunuzi mmoja mkubwa akikutana na wauzaji wawili, wauzaji hao wanajua kwamba hana pengine pa kwenda. Ukubwa humpa nguvu mnunuzi anayeweza kuondoka, na serikali iliyoahidi kujaza hospitali zote kwa mkataba mmoja haiwezi kuondoka.

Na ukubwa una tabia ya kuzalisha uchache. Zabuni inapokuwa ya nchi nzima, wanaoweza kuomba ni wenye mtaji, magari na dhamana ya benki. Wadogo huanguka katika mzunguko wa kwanza, na baada ya mizunguko mitatu unakuta meza ina watu wanaofahamiana. Consip yenyewe ililionja hilo. Katika zabuni yake kubwa ya usafi wa shule, mamlaka ya ushindani ya Italia iligundua kwamba kampuni zilikuwa zimekubaliana jinsi ya kugawana maeneo, na mwanzoni mwa mwaka 2016 zikatangazwa faini zilizozidi euro milioni 100. Wala njama hiyo haikuhitaji kumhonga mkuu wa shule hata mmoja. Zamani mla rushwa alihitaji kuzunguka ofisi mia. Ununuzi ukiwekwa mahali pamoja, anahitaji meza moja tu, na kosa la meza hiyo linafika kila darasa nchini.

Ushahidi mwingine unaonipa wasiwasi kuhusu kukusanya mamlaka juu unatoka jimbo la Punjab nchini Pakistan. Huko watafiti, Bandiera na Prat wakiwa miongoni mwao, walishirikiana na serikali ya jimbo katika jaribio lililohusisha maafisa manunuzi 600 katika wilaya 26. Kundi moja lilipewa uhuru zaidi wa kuamua bila kusubiri idhini za ngazi ya juu; jingine lilipewa motisha ya fedha. Uhuru peke yake ulishusha bei kwa asilimia 9 bila kushusha ubora, na ulifanya kazi zaidi pale ambapo mkubwa wa kuidhinisha alikuwa na tabia ya kuchelewesha mafaili hadi mwisho wa mwaka wa fedha. Motisha haikusaidia sana isipokuwa pale mkubwa huyo asipokuwa mcheleweshaji. Ukiyasoma matokeo haya pamoja na ya Italia, yanasema jambo moja: afisa wa kawaida anaweza kununua vizuri akipewa bei ya kujipimia na nafasi ya kuamua, na hununua vibaya akinyimwa vyote viwili na kuongezewa sahihi.

Kwa hiyo mtindo wa Consip, kwa maoni yangu, una thamani mahali ambapo wengi hawatazami. Sheria ile ya Italia iliweka kwamba taasisi isiyotaka kutumia mkataba wa pamoja inaweza kujinunulia yenyewe, lakini bei na ubora wa mkataba huo viwe mpaka wake wa juu. Sentensi hiyo moja ya sheria inafanya kazi kubwa kuliko maghala. Inamwondolea afisa asiyejua bei kisingizio chake, inamwachia afisa makini ruhusa ya kupata nafuu zaidi kwa muuzaji wa jirani, na inamlazimisha mla cha juu ajieleze kwa maandishi. Wanaoandika kanuni za kulazimisha kila rimu na kila balbu ipitie makao makuu wanaondoa kipengele hiki bora na kubaki na foleni.

Kuna hasara ambayo hakuna namna ya kununua itakayoigusa, nayo ni ya kununua kisichohitajika. Jeffrey Liebman na Neale Mahoney walipochunguza matumizi ya serikali kuu ya Marekani walikuta kwamba katika wiki ya mwisho ya mwaka wa fedha matumizi hufika mara 4.9 ya wastani wa wiki nyingine, na kwamba miradi ya teknolojia ya habari iliyonunuliwa katika wiki hiyo hupata alama za chini za ubora. Sababu inajulikana kwa kila mhasibu: kasma isiyotumika inarudi hazina, na mwakani itakatwa. Ndiyo maana stoo za umma zina rafu zenye wino wa printa zilizokwisha kutupwa, viti ambavyo bado vimevaa nailoni, na mashine iliyofika kabla ya chumba chake kuwekewa umeme. Mkataba wa bei nafuu hauzuii hayo. Unaweza hata kuyachochea, kwa sababu kuagiza kumekuwa rahisi kama kubonyeza kitufe, na ripoti ya mwaka itahesabu kila kiti cha ziada kama fedha iliyookolewa.

Hapo ndipo penye swali ninalotamani wabunge waliulize kila wanapoletewa ripoti ya mafanikio. Fedha imeokolewa ikilinganishwa na nini? Vyombo vya ununuzi wa pamoja vinaweza kulinganisha bei yao na bei iliyochapwa kwenye katalogi, ambayo hakuna mnunuzi mwenye akili aliyekuwa akiilipa. Kipimo cha haki ni bei ya kitu kimoja iliyolipwa na taasisi iliyonunua vizuri zaidi mwaka uliopita, ikiwa pamoja na usafirishaji na siku za kusubiri malipo, na bei hiyo iwekwe hadharani kwa kila kitu na kila taasisi. Wauliza maswali waangalie pia nani anamlipa mlinganishaji. Shirika la General Services Administration la Marekani, lililoanzishwa mwaka 1949, huendesha mikataba yake ya jumla kwa tozo ya asilimia 0.75 ya mauzo yanayopita humo, na Crown Commercial Service nayo imekuwa ikikusanya tozo kutoka kwa wazabuni kwa namna inayofanana. Mtindo huo unapunguza mzigo kwa bajeti, lakini chombo kinachoishi kwa asilimia ya mauzo hupata zaidi mauzo yanapokua, na bei ikishuka kwa robo, mapato yake kwenye mkataba huo nayo yanashuka kwa robo.